Lenzi Pana na Mlango wa Jikoni

Baba,

Shikamoo. Ulikuwa mkali wa salamu, hata siku ile nilipokupigia simu nikiwa nimekaa pembeni ya barabara baada ya bodaboda kunimwaga. "Kwanza mtu husalimia," ukasema. Haya, nimesalimia. Sasa nisikilize mpaka mwisho, maana safari hii huwezi kuniambia nisubiri kwanza wingu lipite.

Mama ameanika mihogo kwenye mwamba wako. Wala si pembeni. Ni katikati kabisa, pale ulipokuwa unasimamisha stendi ya kamera, na kutoka hapo mihogo imeshuka hadi kwenye ule mstari wa mawe uliyoyapaka chokaa. Mawe mengine ameyafanya mafiga. Kuku wanapita, mbuzi wa jirani anapita, watoto wanapita wakiiba vipande, na hakuna anayefokewa. Picha yako ya kustaafu, ile uliyovaa tai ya kuazima, haiko tena ukutani. Iko chini ya kitanda, imelazwa kifudifudi. Nataka ujue kwamba aliyesababisha ni mimi. Nimekuchafulia jina kwa mkeo, kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu, na kesho ningerudia.

Nianzie mbali kidogo.

Wenzako wakistaafu hununua ng'ombe au hufungua kibanda cha soda. Wewe ulitoka kwenye vyumba vya barafu vya kiwanda cha minofu ya samaki, ulikotengeneza mitambo mpaka ncha za vidole zikafa ganzi, ukanunua kamera iliyokwishatumiwa na mtu mwingine. Ukasema ujana wako wote umeishi ndani ya jokofu, sasa unataka kutazama mbingu. Kwa hilo sikukulaumu. Vijana wa mjini huziita video hizo taimlapsi; Mama aliziita "mawingu ya Baba Kabula". Kamera inasimama palepale tangu asubuhi, inapiga yenyewe picha moja kila baada ya sekunde chache, na wewe umekaa nyuma yake unailinda. Mwisho wa wiki nikija nyumbani naichukua kadi, naenda kuziunganisha picha kwenye kompyuta ya duka la pembejeo ninapofanya kazi, Misungwi, kati ya kuuza mbegu na dawa za kuku. Asubuhi nzima ya mawingu inageuka kitu cha kutazama wakati chai inapoa. Magugu maji yanahama kutoka ghuba moja kwenda nyingine kama ng'ombe wanaoswagwa. Ilikuwa nzuri, sikatai. Nilikuwa nawaonyesha hata wateja.

Lenzi ya kwanza, ile ya plastiki iliyokuja na kamera, ilitutia wazimu. Video ilipepesa kama taa ya tyubu inayotaka kufa, na ukanipigia simu kunigombeza kwamba nimeziharibu picha zako. Kumbe ni lenzi. Lenzi za kisasa, kila picha tundu la mwanga linajifunga upya, na halijifungi mahali palepale kabisa. Kwenye picha moja huoni kitu. Ukizipanga mamia, mwanga unaruka mpaka macho yanauma.

Ukajifunza, na hapo nakupa haki yako. Uligundua kwamba lenzi za zamani, zile za chuma ambazo pete unaizungusha kwa mkono na inabaki ulipoiacha, hazipepesi. Tena ni za bei rahisi, kwa sababu hakuna anayezitaka, hazijilengi zenyewe. "Mawingu hayanikimbii," ulisema, "kwa nini nilipie lenzi ya kuyafukuza?" Ukawa mtu wa Kirumba kwa Mzee Twaha, yule anayeuza vitu vilivyotoka kwenye studio zilizouawa na simu. Unamulika tochi upande mmoja wa lenzi na kuchungulia upande wa pili, unatafuta ukungu, maana unyevu wa ziwa huotesha ukungu ndani ya kioo kama unavyoota kwenye mkate. Unazungusha pete huku umeisogeza sikioni, unasikiliza kama ina mchanga. Unaangalia vibati vya ndani, vile vinavyofunga tundu la mwanga, kama vimelowa mafuta. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hukuujali. Ulisema unashusha bei na kwenye picha hauonekani, na kweli hauonekani. Zile lenzi za gharama, zenye tundu kubwa la kupigia gizani, hukuzigusa, kwa sababu mchana jua ni la bure. Mzee Twaha alisema mbele yangu kwamba hajawahi kupata mteja anayekisoma kitu namna hiyo. Nilijisikia fahari. Leo nikikumbuka natamani ungemsoma Mama hivyo hata robo tu.

Mwanzoni ulipiga kwa lenzi ya milimita hamsini. Hamsini kwa kazi hiyo ni nyembamba: iliona kipande cha ziwa, kisiwa kimoja na mbingu kidogo. Lakini nyumba ilipumua. Ulipanga mawe, ukayapaka chokaa, ukatangaza kwamba kamera ikiwa kazini hakuna kiumbe atakayevuka. "Usipite mbele!" Baadaye hata kusema uliacha. Ulikuwa unanyanyua mkono tu, bila kugeuka, na mtu anarudi alikotoka. Mchungaji alikuja kutuombea nyumba, ukamnyanyulia mkono huohuo, akasimama nyuma ya chokaa na Biblia yake mpaka wingu lilipomaliza mambo yake. Mama aliona aibu wiki nzima. Mimi nilicheka.

Kisha ukaiona ile ishirini na nne. Kadiri namba inavyopungua ndivyo lenzi inavyoona pana zaidi, hilo ulinifundisha wewe. Mezani kwa Mzee Twaha zilikuwa mbili, ishirini na nne na thelathini na tano, na ile pana ilikuwa nafuu kuliko mwenzake kwa sababu ya mkwaruzo. Nilikuwepo. Nilikwambia chukua thelathini na tano, inatosha, na mlango wa jikoni utabaki nje ya picha. Ukaivalisha kamera ile pana, ukageukia upande wa soko la samaki la Mwaloni, boti na wachuuzi na makreti ya samaki yote yakaingia, ukapiga kelele kama umeona mtoto wako anatembea: "Kabula! Imeingiza dunia nzima!" Na ulipoifikisha nyumbani iliingiza kweli dunia nzima. Ziwa, visiwa, miamba ya jirani, na ukingoni kulia, mlango wa jikoni wa Mama.

Nikakwambia nitaukata ukingo kwenye kompyuta, ni kazi ndogo. Ukasema hukununua lenzi pana ili ije ikatwe na mtoto. Badala yake ukamfungia Mama. Sina neno jingine, ulimfungia. Kamera ikiwa kazini, mkeo alikuwa haruhusiwi kutoka kwenye mlango wa jiko lake mwenyewe. Maji machafu aliyajaza kwenye ndoo. Kuni alizipitishia mlango wa mbele, akizunguka nyumba nzima juu ya mawe yale, na magoti yake unayajua. Akifungua mlango kidogo aone kama unataka chai, mkono unanyanyuka. Siku moja alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kunitazama kwamba tangu aolewe amekuwa akijua iko siku utamaliza kazi umwangalie, na sasa umemaliza kazi unaangalia mawingu. Hakulia. Aliendelea kutoa vijiwe.

Siku uliyokufa nilikuwa dukani. Mvua ilikuwa inajikusanya ziwani na wewe uliisubiri tangu asubuhi. Msibani watu wote waliniambia maneno yaleyale: kiharusi, ghafla, hakuteseka, kama kuzima taa. Niliwashukuru mmoja mmoja. Niliwaamini.

Tulipomaliza matanga nikaichukua kadi kwenye kamera. Nilitaka kukutengenezea wingu lako la mwisho, tulionyeshe kwenye ibada ya kumbukumbu.

Kwanza, hongera. Haipepesi hata mahali pamoja. Mvua inakuja kutoka mbali, nyeusi chini na nyeupe juu, inameza kisiwa cha kwanza, ziwa linabadilika rangi polepole, na mwanga umetulia mwanzo hadi mwisho. Hukuwahi kupiga video nzuri kuliko ile. Lenzi ulichagua.

Kisha unatokea wewe. Kiti cha plastiki ulikisahau mwambani, mahali ambapo siku za hamsini kilikuwa hakionekani, na sasa kimo kwenye picha. Unavuka mstari wako mwenyewe kwenda kukiondoa. Picha inayofuata umekishika. Inayofuata umepiga goti moja. Inayofuata uko chini na kiti kimekulalia miguuni. Kwa hamsini ningeona mawingu tu, Baba. Ungekuwa umefia nje ya picha, na mimi hadi leo ningekuwa nawaamini wale watu wa msibani.

Hukufa hapo. Jirani anapita na ndoo kichwani, anakutazama, anakunja njia anapitia nyuma ya chokaa, kwa adabu kabisa. Watoto wawili wanasimama, wanaondoka kwa kunyata. Wote walikuona, na kila mmoja alijua la kufanya, kwa sababu mara nyingi ulilala pale mwambani kupima ukingo wa picha na ole wake aliyekusogelea. Uliwafunza vizuri. Uliwafunza vizuri mno, mzee wangu, pumbavu wewe.

Kisha mlango wa jikoni unafunguka. Mama amesimama na kikombe mkononi. Na mkono wako uko juu.

Picha inayofuata mlango umefungwa.

Mkono bado uko juu. Picha nyingine, uko juu. Nyingine, uko juu. Uso umegeukia kule, mdomo wazi, na mkono umenyooka kuuelekea mlango uliofungwa. Huinyooshei kamera, hulinyooshei ziwa, huwanyooshei wale watoto. Mvua imeshafika kisiwa cha pili ndipo mkono unashuka.

Halafu tone la kwanza linaangukia kioo, na Mama anatoka mbio kuiwahi kamera, kwa magoti yale, anakupita. Anakupita, Baba. Sheria yako mwenyewe, mvua ikianza kamera kwanza, watu baadaye. Picha ya mwisho kwenye kadi ni maua ya kanga yake, karibu mno, hayajalengwa. Nilitoka nje ya duka nikatapika nyuma ya mifuko ya mbolea. Mteja akaniuliza kama nina mimba. Nilipozipanga zote na kuzikimbiza, kufa kwako kulichukua muda wa mtu kupiga chafya.

Sasa sikia alichoniuliza mkeo.

Alikuwa halali. Nilidhani ni huzuni ya kawaida, nikamletea dawa, nikamletea shangazi, hakulala. Macho yaliingia ndani, chakula akawa anakipika na kukitazama. Siku moja tunamenya mihogo akasema, bila kuinua kichwa, "Kabula, zile picha za mwisho unazo?" Nikasema ninazo. Akasema, "Alininyanyulia mkono. Nikajua ananifukuza kama kawaida yake, nikafunga mlango." Akamenya mhogo mzima. Ndipo akasema, "Angalia uniambie, mwanangu. Alikuwa ananifukuza au alikuwa ananiita?"

Ulipenda kupima mambo, basi pima na hili. Nikisema ulimwita, nampa kitu alichokingoja maisha yake yote ya ndoa: kwamba mwisho kabisa uliyaacha mawingu ukamtaka yeye, yeye na si mtu mwingine. Na papo hapo nimemwambia kwamba alikufungia mlango ungali hai, akarudi kupika. Kimoja hakitoki bila kingine. Kazi yangu ni kukata na kuunganisha, nilikaa pale na kisu mkononi natafuta pa kukata, sikupaona. Alikuwa ananitazama. Tangu ufe ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni.

Nikasema, "Alikuwa anakufukuza, Mama. Ulikuwa umeingia kwenye picha."

Nikaona haitoshi. Nikaongeza kwamba nimeona kwa macho yangu, ulikuwa mzima wa afya, umelala kupima ukingo wa picha kama kawaida yako, na kiharusi kilikujia baadaye, mara moja, mvua ilipokaribia. Uongo wangu nao niliuunganisha vizuri, haukupepesa.

Aliweka kisu chini. Nilingoja alie. Akasema, "Mshenzi," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya. Kisha akasema, "Mpaka siku ya kufa, ananifukuza mlangoni kwangu." Kesho yake aliamka jua limepanda juu, na tangu hapo analala. Anakula. Ameongezeka mwili, shangazi amemtania kwamba ujane umempenda. Alama za usingizi ziko kwenye shavu lake kila asubuhi ninapokuwa nyumbani, na mimi hufurahi kuziona, nikuambie ukweli wangu.

Lakini usingizi huo tumeununua kwako. Alibeba ile mihogo akaimwaga juu ya mwamba kwa mikono yake, akaisambaza kwa miguu. Akaitoa picha ukutani. Kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa anakusimulia. Anasimama, anageuza mgongo, ananyanyua mkono bila kutazama nyuma, na wanacheka mpaka wanajifuta machozi kwa kanga. Anakuigiza vizuri sana, hata lile bega lako lililoinama. Mchungaji naye alicheka; nadhani alikuwa na la kwake moyoni tangu ile siku ya chokaa. Sasa mtaa mzima unakujua kama mzee aliyemfukuza mkewe asiharibu wingu, halafu akafa. Kwenye ibada ya kumbukumbu aliombwa aseme neno juu ya mumewe. Akasema mawingu yaseme, ndiyo yaliyomfahamu. Akaketi.

Na mimi nacheka nao. Juzi nilikuigiza mimi mwenyewe, kwa sababu Mama alikuwa ananiangalia kuona kama nitacheka, nikaogopa akili yake isianze tena kuuliza. Nilinyanyua mkono, wanawake wakapiga makofi.

Nakuchukia kwa lenzi ile. Nakukumbuka mpaka kifua kinauma, nakukumbuka na tochi yako mdomoni na jicho moja limefumbwa, lakini nakuchukia. Ungeniacha nikate ukingo. Ungemwacha mama wa watu atoke kwenye mlango wake kumwaga maji. Kungekuwa na mtu mmoja tu mtaani asiyekuogopa, angekuja kukuuliza, "Mzee, vipi?" na labda ungekuwepo leo na mdomo umepinda upande, tunakulisha uji. Ningekulisha. Ningekugombeza na kukulisha.

Lenzi ninayo dukani, kwenye droo, na imeanza kuota uzi mweupe wa ukungu pembeni. Mzee Twaha ameniomba nimrudishie, amepata mteja. Nimemkatalia. Ioze.

Asubuhi ya leo nimezifuta picha zako. Mawingu nimeyaacha, lakini tangu ulipovuka mstari mpaka maua ya kanga nimefuta zote, kwenye kadi na kwenye kompyuta, nikahakikisha hazirudi. Moja niliitazama muda mrefu kabla ya kuifuta. Nimezaliwa na kukulia nanyi ndani ya nyumba ile, na sijawahi kukuona ukimtazama Mama namna ulivyoutazama ule mlango. Yeye pia hajawahi.

Pale makaburini, pembeni yako, tuliacha nafasi yake kama ilivyo desturi. Jumapili alinishika mkono akaniagiza kwamba siku yake ikifika asilazwe pale. Amesema amekaa nyuma ya chokaa yako vya kutosha. Tumpeleke kwao Misungwi, akalale na mama yake. Nilimwapia.

Kwaheri, Baba. Ninaloweza kukuahidi ni hili tu, kwamba kiapo hicho nitakitimiza. Nitamzika Misungwi, mbali na wewe, akiwa hajui kitu, na kama kuna mtu atauliza nitasema ndivyo ulivyostahili. Nafasi iliyo pembeni yako nitaiacha wazi.

Ulimwita. Nimeona. Sitamwambia.

Mwanao,
Kabula